Namna ya Kuzunguka Uganda na Rwanda kwa Basi, Daftari Mkononi

Kijana wa Kitanzania anayetamani kuziona nchi za watu hana sababu ya kusubiri mpaka apate nauli ya ndege ya kwenda Dubai au Guangzhou. Iko njia ya barabara inayoanzia Bukoba, inavuka mpaka wa Mutukula, inapita Masaka na Kampala, inaelekea kusini-magharibi hadi Kabale, inaingia Rwanda kwa mpaka wa Gatuna, kisha inarejea nyumbani kupitia daraja la Rusumo wilayani Ngara. Mzunguko huo nimeufuata kwa mabasi ya kawaida ya abiria, na maelezo haya ni kwa ajili ya yule atakayeufuata baada yangu, hasa ikiwa nia yake ni kurudi akiwa na jambo la kusimulia na si picha tu. Katika yote nitakayoyaeleza nashikilia jambo moja: safari isiyoandikwa siku ileile huharibika, kwa sababu baada ya wiki mbili kichwa hubakiza yale uliyotarajia kuyaona na kuyaacha yale uliyoyaona kweli.

Kabla ya kukata tiketi

Anza na pasipoti. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakivuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, lakini Tanzania haikujiunga na utaratibu huo, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA peke yake kisikutie moyo. Ada ya pasipoti, tangu ilipokuja ya kielektroniki mwaka 2018, ni shilingi 150,000, na ukiigawanya kwa miaka 10 ya matumizi utaona kuwa si ghali kama inavyosemwa vijiweni. Asiyekuwa na haja ya pasipoti kamili anaweza kuiuliza ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wake kuhusu hati ya dharura ya kusafiria.

Jambo la pili ni chanjo ya homa ya manjano. Uchanjwe mapema, kwani cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na anayechanjwa jana yake huwa amejitafutia mjadala usio wa lazima mpakani. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kimataifa kuwa ya maisha yote. Ikitokea ukaambiwa kuwa kadi yako ya zamani imepitwa na muda kwa sababu ya miaka 10, lieleze hilo kwa adabu na bila kupandisha sauti.

Ukiwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipii viza, na unaweza kupewa hadi miezi 6 ya kukaa. Afisa haandiki miezi 6 kila mara, hivyo taja muda unaouhitaji na usome muhuri wako kabla ya kuondoka dirishani. Ulizia pia hali ya mipaka yenyewe. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa hadi mwishoni mwa Januari 2022, na Januari 2024 Burundi iliifunga mipaka yake na Rwanda, jambo linalomlazimu anayetamani kuiona Bujumbura apange safari nyingine. Mipaka ya kwetu hufungwa na siasa mara nyingi kuliko mafuriko.

Kuhusu fedha sina mengi. Beba kiasi cha kukufikisha mji mkubwa wa kwanza, badilisha kidogo mpakani, na zihesabu mwenyewe noti kabla hujaziachia zako. Shilingi ya Uganda ina thamani ndogo kidogo kuliko yetu na faranga ya Rwanda ina thamani kubwa zaidi, kwa hiyo fanya hesabu ya mfano wa noti moja nyumbani, ukiwa umetulia, uiandike kwenye jalada la daftari.

Daftari lenyewe

Nunua daftari dogo lenye jalada gumu linaloingia mfukoni. Wengi wataniambia kuwa simu inatosha. Haitoshi, kwa sababu mbili: chaji huisha Kabale wakati Kigali bado iko mbali, na mtu anayechomoa simu karibu na ofisi za mpaka, daraja au askari anaonekana anapiga picha, jambo ambalo litakuletea maswali.

Utaratibu ninaoutumia ni wa kugawa kurasa. Ukurasa wa kushoto naandika kilichoonekana na kusikika tu: bei, mahali, saa, maneno ya mtu kama alivyoyasema. Ukurasa wa kulia ni wa maoni yangu, nao naujaza usiku kabla ya kulala. Mfano wa ukurasa wa kushoto ni huu, nilioandika Lukaya, mji mdogo kati ya Masaka na Kampala ambako mabasi husimama watu wale:

"Basi halijatulia, wachuuzi wameshafika madirishani. Nyama imechomekwa kwenye vijiti virefu ili imfikie abiria bila mlango kufunguliwa. Kuku, maini, ndizi za kuchoma wanazoziita gonja. Mama wa kiti cha mbele amenunua gonja moja, ameipasua, amenipa nusu bila kugeuka sawasawa. Anaongea na simu muda wote."

Usiku ule mkono ulinituma kuandika upande wa kulia kwamba Waganda ni wakarimu. Sentensi ya namna hiyo ndiyo ya kuepuka. Mama mmoja si Uganda, na msomaji ambaye hajafika Lukaya hataiona Uganda katika neno "wakarimu", lakini ataiona katika mkono uliorudi nyuma na nusu ya ndizi huku mwenyewe akiendelea na simu yake. Kila utakapojikuta unaandika sifa ya taifa zima, rudi upande wa kushoto utafute kitu ulichokiona kilichokufanya uifikirie, uandike hicho.

Kutoka Mutukula hadi Kampala

Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpaka, maana yake ni kwamba unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, upande wa nchi unayoiingia. Shuka na nyaraka zako mkononi, mjulishe kondakta kuwa umeshuka, na likumbuke basi lako kwa namba za usajili badala ya rangi.

Kabla ya kufika hapo nashauri upite Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ukishapaona, barabara ya kwenda Masaka itakuwa na maana nyingine, kwa kuwa ndiyo waliyoifuata. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Waganda wengi waliwaita askari wale wakombozi. Lakini mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya hapo mji wa Masaka ulikuwa umebomolewa vibaya na majeshi yetu, na mzee wa huko anaweza kuyabeba yote mawili kifuani, shukrani na hasara. Akikuambia, msikilize. Usianze kumfundisha historia uliyoisoma darasa la saba.

Katika maongezi hayo usitegemee shikamoo, kwani wengi hawaifahamu au hawajui waitikie nini. Mwanamume aliyekuzidi umri muite "ssebo" na mwanamke "nnyabo", na ukiona msichana anapiga magoti kumsalimia mkubwa wake, hiyo ni adabu ya kawaida ya Buganda. Kiswahili kilikubaliwa na baraza la mawaziri la Uganda kuwa lugha rasmi Julai 2022, ila kwa Waganda wa makamo bado kinabeba kumbukumbu ya askari na amri. Tanguliza salamu ya Kiganda, ndipo uulize kama mwenzako anapenda Kiswahili.

Chakula kitakupa sababu ya kulinganisha. Bukoba ndizi hupikwa pamoja na maharage sufuria moja; ukivuka, ndizi zilezile humenywa, hufungwa kwenye majani ya mgomba, huiva kwa mvuke, kisha hupondwa na kuliwa na mchuzi wa karanga. Ukipita Novemba utawakuta senene pande zote mbili za mpaka, nao hawagongi muhuri. Kayabwe, mbele kidogo ya Lukaya, barabara inakata mstari wa Ikweta. Panapendeza kwa picha, basi.

Kampala isikuchukulie muda mwingi katika mzunguko huu, maana ni mji unaohitaji safari yake. Panda mnara wa Msikiti wa Taifa ulioko Old Kampala, wenye ngazi zaidi ya 300, ili uvione vilima vyote kwa mara moja, halafu uende makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, yaliyoungua Machi 2010 na kujengwa upya. Patana bei ya bodaboda kabla ya kupanda, na udai kofia hata kama dereva atakucheka.

Kuingia Rwanda

Gatuna mambo hubadilika ghafla. Magari yanahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, hivyo siku ya kwanza angalia pande zote mbili kila unapovuka. Saa nazo zinarudi nyuma kwa saa moja. Simu yako itajirekebisha ikishanasa mtandao wa Rwanda, lakini saa ya mkononi itabaki ya Kampala. Tiketi iliyoandikwa 08:00 Kigali ni saa tatu asubuhi ya nyumbani, na mabasi ya Rwanda yana tabia ya kuondoka kwa wakati ulioandikwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu 2008, kabla ya Kenya (2017) na Tanzania (2019), kwa hiyo vifungashie vitu vyako nguo au karatasi kabla begi lako halijafunguliwa na mtu mwingine.

Angalia kalenda pia. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga mitaa. Maduka hufungwa na usafiri husimama. Wasafiri wengi huikwepa. Mimi ningeshauri uulize nyumba ya wageni unakolala kama unaweza kuungana na majirani, kwa sababu asubuhi moja ya kushika jembe pamoja nao itakupa ukurasa wa kushoto uliojaa kuliko siku nzima ya kutembea peke yako. Anayekosa wa kuongea naye aende Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kinasikika vibarazani na kwenye migahawa.

Gisozi, humohumo Kigali, ndipo ilipo kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, iliyofunguliwa mwaka 2004, na ndipo walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Kuingia hakulipiwi. Nenda asubuhi, usiwe na miadi mingine mchana, na daftari liache mfukoni mpaka utakapotoka nje. Usimwulize mtu yeyote, awe mwenyeji wako au dereva wa pikipiki, kuwa yeye ni kabila gani. Swali hilo ambalo Mbeya au Tanga linaulizwa kwa utani, Rwanda lina uzito ambao mgeni hawezi kuupima. Ukifika kati ya tarehe 7 Aprili na Julai mwanzoni utakuta nchi ikiwa katika kipindi cha maombolezo, na ni vyema mavazi na sauti yako vilifahamu hilo.

Kurudi kwa Rusumo

Basi la kwenda Rusumo linateremka hadi Mto Kagera, ambako maji yanaanguka chini ya daraja na ambako sasa upo mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka hapo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakiwamo raia waliokimbia vita na wakiwamo pia watu walioshiriki kuua, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Wengi walirudishwa kwao mwishoni mwa 1996. Ukisimama Benaco leo waulize wenyeji wa makamo kuhusu miaka hiyo, kwani wao wana upande wa habari ambao makumbusho ya Gisozi hayawezi kukupa: kuni zilizokwisha, masoko yaliyochangamka, hofu ya usiku. Huu, kwangu, ndio ukurasa wenye thamani kuliko yote katika mzunguko, na uko upande wetu wa mto.

Ukifika nyumbani, nakili daftari ndani ya wiki moja. Ondoa majina ya watu waliokuambia mambo ya familia zao. Kila bei iandikie sarafu, mwezi na mwaka. Mwaka wowote uliotajiwa na mtu barabarani uuhakikishe kabla ya kuusambaza, ila maneno yake usiyanyooshe.

Anayetokea Dar es Salaam badala ya Kagera anaweza kuugeuza mzunguko kwa kupanda basi linalopita Kahama na Nyakanazi, akaanzia Rusumo na kumalizia Bukoba, ambako atapumzika kando ya ziwa kabla ya kuchukua meli ya kwenda Mwanza. Akifanya hivyo Kigali itakuwa ndiyo mji wake wa kwanza wa ugenini. Basi aanze na Nyamirambo, na Gisozi aiweke siku ya pili au ya tatu.