Namna ya Kulisoma Jimbo la North Carolina, Kutoka Ufukweni Hadi Milimani

Wenyeji wa North Carolina, jimbo la Marekani, wanapotaka kusema jimbo zima, husema "kutoka Manteo hadi Murphy". Manteo uko katika kisiwa cha Roanoke, upande wa Bahari ya Atlantiki. Murphy umejificha katika milima ya Appalachia, karibu na mipaka ya Georgia na Tennessee. Barabara kuu namba 64 huiunganisha miji hiyo kwa safari ya zaidi ya kilomita 900. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuifuata njia hiyo, kwa gari au kwa ramani iliyotandazwa mezani, ili aelewe kwa nini kila mji ulijengwa pale ulipo.

Tafuta kwanza ramani inayoonyesha mito na mwinuko wa ardhi, kwa kuwa ile ya barabara peke yake haitakusaidia sana. Kisha jiwekee swali moja la kuuliza kila unapotua: watu wa hapa walisafirishaje mali yao hadi sokoni? Mimi nilianza kulisoma jimbo hili kwa orodha ya magavana na vita, nikaambulia majina tu. Niliposhika swali hilo la usafirishaji ndipo mambo yalipoanza kushikana.

Anzia mashariki. Visiwa vyembamba vya mchanga viitwavyo Outer Banks vimejipanga mbele ya pwani, na nyuma yake yametanda maji mapana ya Albemarle na Pamlico, yenye kina kifupi. Itazame sehemu hiyo ya ramani bila haraka, kwa maana inaeleza mengi. Meli kubwa zilipita kwa shida, na nyingi zilivunjikia kwenye mafungu ya mchanga hata eneo likaitwa Makaburi ya Atlantiki. Ndiyo sababu jimbo hili, lilipokuwa bado koloni la Waingereza, halikupata bandari za kushindana na zile za jirani zake, Virginia na South Carolina. Ukifika Cape Hatteras, utaona mnara wa taa uliokamilika mwaka 1870. Mwaka 1999 mnara huo mzima wa matofali ulisogezwa juu ya reli takriban mita 880 kutoka mahali pake, kwa sababu bahari ilikuwa imekula ufukwe hadi karibu na msingi. Simama kwanza pale ulipokuwa zamani, ndipo utembee kwa miguu hadi ulipo sasa.

Wageni wengi hutumia muda mrefu Roanoke, ambako walowezi wa Kiingereza walioletwa mwaka 1587 hawakuonekana tena gavana wao, John White, aliporudi mwaka 1590, isipokuwa neno CROATOAN lililochongwa kwenye nguzo. Nusu siku inatosha hapo. Afadhali uvuke upande wa pili wa maji hadi Edenton, alikozaliwa Harriet Jacobs, mwanamke aliyekuwa mtumwa na aliyejificha karibu miaka saba katika upenyo wa dari ya nyumba ya bibi yake kabla ya kutoroka kwa chombo cha majini mwaka 1842. Njia za maji zilizobeba bidhaa zilibeba pia watu waliotafuta uhuru, na ushuhuda wake unasomeka bure katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill. Usome kabla ya safari.

Ukiingia bara utakuta tambarare ya mchanga iliyowahi kufunikwa na misitu ya misonobari yenye majani marefu. Tafuta msitu uliohifadhiwa, kisha chunguza mashina makuukuu: mengine bado yana makovu ya michirizo iliyokatwa kwa mshazari, mmoja juu ya mwingine, ikikutana katikati kama pembe, mahali gome lilipobanduliwa ili utomvu utiririke chini na kukingwa. Utomvu huo ulitoa tapentaini. Lami nayo ilipatikana kwa kurundika kuni za msonobari, kuzifunika kwa udongo na kuziacha ziungue polepole hadi majimaji meusi yatiririke kwenye mfereji. Meli za mbao hazikuweza kusafiri bila vitu hivyo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo chafu ilifanywa na watumwa. Hadi leo watu wa jimbo hili huitwa Tar Heels, yaani wenye visigino vya lami.

Bidhaa nyingi za aina hiyo zilipitia Wilmington, kwenye mto Cape Fear unaomwaga maji yake moja kwa moja baharini. Usiupite mji huu kwa haraka. Tarehe 10 Novemba 1898, Wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa, wakawaua wakazi Weusi na kuchoma ofisi ya gazeti la Alexander Manly, mhariri Mweusi. Ukiuliza nani alinufaika na bandari baada ya siku hiyo, utaelewa siasa za jimbo kwa miongo mingi iliyofuata.

Sasa tafuta kwenye ramani mahali ambapo mito inaanza kuwa na maporomoko, kwa mfano Roanoke Rapids au Rocky Mount. Hapo mwamba mgumu wa nyanda za Piedmont unakutana na udongo laini wa tambarare. Mashua zilikomea hapo, lakini maji yaliyoanguka yalizungusha mashine, na Rocky Mount ulipata kiwanda cha pamba tangu mwaka 1818. Kisha fuata reli iliyokamilika mwaka 1856 kutoka Goldsboro hadi Charlotte kupitia Raleigh, Greensboro na Salisbury. Ukiichora kwa kalamu, utaona kwamba miji mikubwa ya leo imekaa juu ya upinde huo: Durham, uliokua kwa tumbaku baada ya kuanza kama kituo cha treni, High Point wa samani, na Charlotte, ambao sasa ni mji wa mabenki. Greensboro ingia kwenye jengo la duka ambalo wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengewa Wazungu tarehe 1 Februari 1960 wakanyimwa huduma. Sasa ni makumbusho. Kannapolis inafaa kwa swali la uchumi, kwa kuwa kiwanda chake cha taulo na mashuka kilipofungwa mwaka 2003, maelfu ya watu walipoteza kazi kwa pigo moja, na kwenye kiwanja hicho pamejengwa kituo cha utafiti.

Kabla ya kupanda milima, angalia hali ya barabara, kwa kuwa kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu vibaya eneo la Asheville. Mlima Mitchell, wenye mita 2,037, ndio mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi. Hata hivyo, ukuta wa milima utausikia zaidi kwenye reli ya mashariki ya Asheville, ambapo handaki la Swannanoa lilichimbwa na wafungwa, wengi wao Weusi, na wengi wakafia kazini. Treni zilifika Asheville mwaka 1880, na nyuma yake wakaja wakata miti na matajiri waliotafuta hewa baridi.

Malizia katika ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hili, iitwayo Qualla. Wengi wa taifa hilo walifukuzwa kwa nguvu mwaka 1838, lakini kundi moja lilibaki milimani na kupata ardhi yake tena kwa kununua. Katika mji wa Cherokee, vibao vya barabarani vimeandikwa pia kwa herufi alizozibuni Mcherokee aitwaye Sequoyah, kila moja ikiwa silabi. Nakili jina la mtaa mmoja katika daftari lako, kisha muulize mwenyeji akusomee.