Bata mzinga wa sikukuu: mzima, bapa au wa mafuta?
Nimempika kwa njia tatu, na siku hizi nampasua tu. Akiokwa mzima, wa kilo 6 kwa nyuzi 165 za Selsiasi, hukaa ovenini saa tatu na zaidi. Mezani anapendeza, lakini kidari hukauka mapaja yakiwa bado hayajaiva.

Kwa hiyo mlaze kifudifudi, chukua mkasi imara, ukate pande zote mbili za uti wa mgongo kuanzia mkiani, kisha uutoe (uchemshe upate mchuzi). Mgeuze, ukandamize kidari kwa viganja hadi usikie ka! naye alale bapa. Mpake chumvi usiku wa kuamkia sikukuu, umwache kwenye friji bila kumfunika ili ngozi ikauke. Kesho yake nyuzi 220, dakika 80 hadi 90.

Wa kukaanga mzima huiva kwa dakika 45 hivi, na ngozi yake haina mpinzani. Ila akibaki na barafu tumboni, mafuta hufoka na kuwaka. Mkaangie nje, mbali na nyumba. Yangu yalimwagika hadi kwenye viatu, sijarudia.

Njia yoyote ile, choma kipimajoto pajani bila kugusa mfupa, kisha kidarini. Kikisoma 74 kotekote, mtoe, apumzike nusu saa kabla ya kisu.