SOMO: Kumzoesha ng'ombe nafaka bila kumharibia tumbo

Wengi huuliza kama kumlisha ng'ombe nafaka hupunguza methani, ile gesi anayoibeua na inayoongeza joto duniani. Ndiyo, hupunguza, na siri iko kwenye tumbo la kwanza, yaani rumeni. Vijidudu vya humo vikichachusha nyuzinyuzi za majani hutoa zaidi asidi asetiki, na hidrojeni hubaki. Vijidudu vingine huidaka hidrojeni hiyo, huichanganya na hewa ya ukaa, na ng'ombe huibeua kama methani. Wanga wa nafaka hutoa zaidi asidi propioniki, ambayo kutengenezwa kwake hula hidrojeni. Ng'ombe wa majani hupoteza kama asilimia 6 ya nguvu ya chakula kwa njia ya methani; wa nafaka nyingi sana, kama 3. Nguvu hiyo ingekuwa maziwa.

Hatua ya 1. Anza na nusu kilo kwa siku, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu. Vijidudu havibadiliki kwa usiku mmoja.

Hatua ya 2. Paraza, usisage unga. Punje ikipasuka vipande vitatu vinne inatosha. Ngano na shayiri huchachuka haraka kuliko mahindi na mtama, kwa hiyo mkono uwe mwepesi zaidi.

Hatua ya 3. Majani kwanza, nafaka baadaye, tena kwa awamu. Mimi sivuki kilo 2 kwa mlo mmoja. Anayecheua hutoa mate mengi, na mate ndiyo yanayozimua asidi.

Hatua ya 4. Kagua kinyesi kila asubuhi. Naisisitiza hatua hii kuliko zote. Chota konzi moja, weka kwenye chujio, mimina maji taratibu mpaka yatoke meupe, kisha tazama kilichobaki. Kinyesi cha kijivu, chepesi, chenye mapovu na harufu ya uchachu kinakuambia asidi imezidi: rudisha nafaka nyuma siku hiyo hiyo. Tazama pia waliolala. Zaidi ya nusu wawe wanacheua.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Si nizidishe nafaka basi, methani iishe kabisa?

Marahaba. Hapana, ndugu yangu. Kabla haijaisha utakuwa umeshaunguza ukuta wa rumeni, ini limeota majipu na kwato zinauma. Isitoshe, mbolea ya kulimia nafaka hiyo nayo hutoa gesi ya kuongeza joto. Pima methani kwa kila lita ya maziwa, utaona faida ilipo.

Ng'ombe wangu kavunja stoo usiku, kala mahindi. Kasimama tu, hacheui.

Hiyo ni dharura, inaweza kumuua. Ondoa nafaka yote, muwekee nyasi kavu, na umpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje jioni.

Naona punje nzima kwenye chujio, lakini kinyesi ni kizuri tu.

Tumbo liko salama, ila chakula kinapita bure. Kaza mashine kidogo, uoshe tena baada ya siku tatu.