Farasi wazee zizini: jinsi ya kufuatilia afya zao hatua kwa hatua

Farasi akifika miaka 20 tunamhesabu mzee, na akitunzwa vizuri anaweza kufika 25 hadi 30. Ukiwa na mmoja, macho yako yanatosha. Ukiwa na kundi la wazee, kama sisi tunaofanya kazi ya safari za farasi huku Usa River, karibu na Arusha, mmoja anakonda taratibu nyuma ya wenzake na hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana ninasisitiza jambo moja: mpime kila farasi kwa kawaida yake mwenyewe, usimlinganishe na jirani yake.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Kila farasi awe na ukurasa wake. Mpime asubuhi akiwa ametulia, siku kadhaa mfululizo, upate kawaida yake. Kwa farasi mwenye afya joto huwa nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Mapigo yapapase chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Fizi ziwe na unyevu na rangi ya waridi. Ukizibonyeza kwa kidole, weupe uondoke ndani ya sekunde 2. Yule ambaye siku zote ana mapigo 30, ukimkuta na 42 amesimama tu kivulini, mfuatilie, hata kama bado yumo ndani ya kiwango.

Unene usiupime kwa macho, hasa Juni na Julai manyoya yanapokuwa mazito kwa baridi. Papasa mbavu kwa kiganja. Kisha zungusha kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, itie alama, uipime na uandike. Rudia kila mwezi.

Hatua ya 2: Anza na mdomo

Mzee akikonda, wengi hukimbilia dawa ya minyoo. Mimi huanza na meno. Meno ya farasi huchomoza maisha yake yote, milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, huku yakilika kwa kutafuna. Uzeeni mengine hulegea au kung'oka, mengine huacha ncha kali zinazochana shavu na ulimi.

Simama naye anapokula. Mwenye meno mabaya ataegemeza kichwa upande mmoja, atatafuna polepole, kisha ataangusha donge la majani lililolowa mate. Liokote ulifungue. Ukikuta nyuzi ndefu ambazo hazijasagika, majani hayo hayamlishi, na yale anayoyameza hivyohivyo yanaweza kuziba utumbo. Daktari wa mifugo amfungue mdomo kwa kifaa chake, amkague na kusawazisha ncha kwa tupa. Kwa wazee, kila baada ya miezi 6. Usiingize mkono wako mwenyewe huko nyuma kwenye magego.

Huku kwetu maji nayo yamo. Vyanzo vingi vya mteremko wa Mlima Meru vina floridi nyingi, na meno ya kahawia ya watu wetu yanaonyesha hivyo. Mifugo nao huharibika meno na mifupa. Kinga maji ya mvua kadiri uwezavyo, na chumvi ya kulamba isiwe magadi, kwa sababu magadi ya kanda hii nayo hubeba floridi.

Hatua ya 3: Chakula laini, na peke yake

Asiyeweza kutafuna, mkatie majani mafupi uyaloweke, na pumba za ngano ziwe uji. Mpe kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Akila na kundi, wenye nguvu watamfukuza, kwa hiyo mtenge wakati wa kula tu. Ukimtenga kutwa nzima anasononeka.

Vitu vitatu visikaribie zizi. Mahindi au pumba za mahindi zenye ukungu: sumu yake huharibu ubongo wa farasi, na huwa hakuna tiba. Chakula cha kuku: baadhi yake kina monensini, dawa ya kuku inayoua moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Na lusina, ule mti ambao ng'ombe wanaupenda, humnyonyoa farasi singa na mkia.

Hatua ya 4: Kupe na usubi

Hapa naomba usome taratibu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usimpake farasi kamwe. Inasimamisha utumbo, tumbo linaziba, na mzee hana nguvu ya kupambana na hilo. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kuchanganya, na mwambie daktari au muuzaji kuwa dawa ni ya farasi. Kupe wenyewe lazima watoke, kwani huleta homa yenye fizi zilizopauka au kuwa njano na mkojo mweusi.

Usubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua. Chanja kila mwaka kabla ya msimu wake, na waingize bandani kabla jua halijazama mpaka lichomoze. Farasi mzee kwa kawaida ana mashimo juu ya macho. Ukiyakuta yamejaa na kuvimba, tena ana homa, mpigie daktari saa hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kwato, viungo, manyoya

Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Mwenye viungo vigumu atembezwe kila siku, bila mpandaji ikibidi. Kusimama tu kunamkaza zaidi. Asiyepukutisha manyoya marefu msimu wa joto, anayekunywa na kukojoa sana, apimwe damu: mara nyingi ni tatizo la tezi ya chini ya ubongo, na dawa iitwayo pergolidi humsaidia.

Hatua ya 6: Tumbo linaposokota, na pale matibabu yanapoisha

Anagaragara, anaangalia ubavu, hapati choo: ondoa chakula, mtembeze polepole, piga simu. Mapigo yakipita 60, usisubiri asubuhi.

Zungumza mapema na mwenye farasi kuhusu kumpumzisha milele, wakati mnyama bado ni mzima, ili siku hiyo mtu asibishane huku mnyama anateseka. Chagua na mahali pa kuchimba, mbali na kisima. Akichomwa sindano ya usingizi wa mwisho, mzike siku hiyohiyo, kina kirefu: dawa hubaki mwilini, na mbwa, fisi au tai wakila mzoga wake hufa pia.