Chupa ngapi, sigara ngapi: kuingia Afrika Mashariki na pombe au tumbaku

Muuzaji wa duka la uwanja wa ndege lisilotozwa ushuru atakuuzia chochote unachoweza kubeba. Kupiga hesabu ya forodha si kazi yake. Dubai humruhusu anayeingia huko na lita 4 za pombe na sigara 400, na wengi hudhani hesabu hiyo inasafiri nao hadi Dar es Salaam au Nairobi. Haisafiri. Kinachokubana ni kiwango cha nchi unakotua.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinatumia sheria moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Inamsamehe ushuru msafiri aliyetimiza miaka 18 kwa pombe kali isiyozidi lita 1 au mvinyo usiozidi lita 2. Unachagua kimoja, huvijumlishi. Tumbaku ya kila aina, yaani sigara, sigaa (zile nene za majani ya tumbaku), tumbaku ya kusokota na ugoro, isizidi gramu 250 kwa jumla. Bia haikutajwa kwenye msamaha huo, kwa hiyo ukiwa nayo itaje kwa ofisa.

Chupa ndizo zinazochanganya watu. Chupa mbili za mvinyo za mililita 750 ni lita 1.5, umo ndani. Ya tatu inakufikisha lita 2.25, umezidi. Kwa wiski au konyagi, chupa moja ya lita nzima inapita, lakini mbili za mililita 750 zimezidi kwa nusu lita. Wiski moja na mvinyo mmoja, ukiisoma sheria kama ilivyo, nayo ni kuzidi, hata kama umewahi kuona mtu amepitishwa.

Sigara moja ya kawaida haizidi gramu moja, hivyo katoni moja ya sigara 200 inaingia vizuri na inaacha nafasi ya kipakiti cha tumbaku cha gramu 50. Katoni mbili haziingii. Mwenye sigaa apime kabla ya kufunga begi, maana sigaa kubwa moja huweza kufika gramu 15, na sanduku la sigaa 25 za namna hiyo limeshapita gramu 250 peke yake.

Familia isihesabu vichwa vya watoto. Kijana wa miaka 16 hana kiwango chochote cha pombe wala tumbaku. Mume na mke kila mmoja ana chake, na inasaidia kila mtu abebe mzigo wake na risiti yake. Begi moja lenye chupa nne, mbele ya ofisa, ni la mtu mmoja.

Kabla ya forodha kuna ukaguzi wa usalama, na hapo ndipo chupa nyingi hupotelea. Pombe yenye kileo zaidi ya asilimia 70 hairuhusiwi kwenye ndege kabisa. Ya kati ya asilimia 24 na 70 ni lita 5 kwa abiria, tena kwenye chupa yake ya dukani. Pombe ya kienyeji uliyomimina kwenye chupa ya maji haitapita. Ukibadili ndege njiani, chupa uliyonunua ibaki ndani ya mfuko maalumu uliofungwa dukani, risiti ikionekana, usiufungue mpaka ufike. Ukitoka Guangzhou kupitia Addis Ababa, kwa mfano, nunua Addis Ababa, sio Guangzhou. Sigara za kielektroniki zikae kwenye begi la mkononi kwa sababu ya betri. Ila Uganda imezipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015, pamoja na shisha. Kenya nayo ilizuia kuingiza shisha mwaka 2017.

Ukizidi, pita njia nyekundu, ya wenye vitu vya kutamka forodhani, na useme mwenyewe kabla hujaulizwa. Ofisa atakadiria kinachozidi: ushuru wa forodha juu ya thamani, kisha ushuru wa bidhaa, halafu VAT juu ya jumla yote hiyo, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Onyesha risiti ya dukani, kwani bila risiti thamani atapanga yeye. Lipa kwa namba ya malipo utakayopewa, benki au kwa simu, usimpe mtu fedha mkononi, na usiondoke bila stakabadhi. Kama kodi inakuuma kuliko chupa, unaweza kuiachia forodha chupa yenyewe. Kupita njia ya kijani na mzigo uliozidi ni jambo jingine: tamko la uongo chini ya kifungu cha 203 cha sheria hiyo ya forodha ya Afrika Mashariki lina adhabu ya hadi miaka 3 jela au faini ya hadi dola 10,000 za Marekani.

Mfuko wa plastiki wa dukani nao ni tatizo. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na unatakiwa kuuacha uwanjani. Weka mfuko wa kitambaa kwenye begi la mkononi, uhamishie chupa humo kabla hujatoka nje.

Anayeelekea upande wa pili, Saudi Arabia au Kuwait, asibebe pombe hata chupa moja.