Msumeno wa radiali: kuufunga, kuunyoosha na kukata nao bila kuumia

Msumeno wa radiali ni ule ambao mota na bledi vinaning'inia chini ya mkono wa chuma, juu ya meza. Mbao inatulia mezani, wewe unavuta kigari kinachobeba mota, na bledi inapita juu ya mbao kukujia. Ninaupenda kuliko mashine zote karakanani kwa kazi ya kukatisha mbao ndefu, maana mbao ya mita nne huna haja ya kuisukuma popote. Lakini kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kwangu namkataza kugusa swichi mpaka anieleze kwa maneno yake kwa nini msumeno huu unakukimbilia.

Sababu yenyewe hii hapa. Bledi inazunguka kiasi kwamba meno ya chini yanaelekea nyuma, kwenye ukingo ambao mbao imeegemea. Hilo ni jema, kwa sababu meno yanaikandamiza mbao mezani na ukingoni. Ila nguvu hiyohiyo inayosukuma mbao nyuma inasukuma mota mbele, upande uliosimama wewe. Meno yanataka kupanda juu ya mbao na kutembea. Ukilegeza mkono, msumeno unakuja kwa kasi yake, si yako. Yote nitakayoeleza hapa, kuanzia miguu ya stendi hadi pembe ya meno, ni ya kuudhibiti mvuto huo.

Kwanza tazama kinga

Mashine hii ilibuniwa Marekani na Raymond DeWalt mwaka 1922, na nyingi zinazouzwa leo ni kuukuu. Kwa hiyo "kufunga" mara nyingi maana yake ni kuunganisha upya kitu kilichofunguliwa na mtu mwingine. Kabla ya kufikiria boliti, angalia kinga ya bledi. Zamani kinga zilifunika nusu ya juu tu, na meno ya chini yakabaki wazi. Mwaka 2000 kampuni ya Emerson ilitangaza kuirudisha misumeno iliyokuwa imeitengeneza kwa jina la Craftsman, kwa sababu kinga haikufunika bledi yote. Unachotaka ni kinga ya juu pamoja na mabawa ya chini yanayojiinua yenyewe yanapokutana na mbao, kisha kushuka yenyewe. Kama hayapo, tafuta ya modeli yako kwanza. Mashine ingoje.

Kusimamisha

Nguzo ya nyuma inayobeba mkono wa chuma, mkono wenyewe na mota ni vizito, tena uzito wote uko nyuma na juu. Inueni watu wawili. Kabla ya kuinua, kaza kitasa cha kufungia kigari, la sivyo mota itateleza kwenye reli katikati ya safari na kuubana mkono wa mtu.

Stendi ikishakaa, weka pima maji mezani. Hapa watu wengi wanataka usawa kamili. Mimi nataka sehemu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma. Jaribu hivi: plagi ikiwa nje ya soketi, vuta kigari mpaka katikati ya mkono, kiachie. Kirudi taratibu kuelekea nguzoni, au kwa uchache kibaki palepale. Kikisogea mbele hata kwa inchi moja, weka vipande vya chuma chini ya miguu ya mbele mpaka tabia hiyo iishe. Halafu funga stendi sakafuni kwa boliti. Hakikisha pia kuna kizuizi mwishoni mwa mkono, ili bledi isiweze kuvuka ukingo wa mbele wa meza hata ukivuta kwa nguvu zako zote.

Kuondoa mchezo (kulegalega)

Shika ncha ya mkono wa chuma kwa vidole viwili, uusukume kulia na kushoto. Kama unacheza, tatizo liko chini kwenye nguzo: kaza boliti za kishikio cha nguzo hadi mchezo uishe, lakini hendeli ya kupandisha na kushusha ibaki inazunguka bila kung'ang'ania. Kisha nenda kwenye beringi za kigari. Shika mota, uitikise juu na chini huku kidole gumba cha mkono mwingine kikiwa kimegusa beringi na reli kwa pamoja. Kama kuna nafasi, gumba litaisikia kabla ya jicho kuiona. Beringi za upande mmoja kwa kawaida zina boliti ya kuzisogeza. Zisogeze kidogo kidogo mpaka uweze kuzuia beringi isizunguke kwa kuibana kwa vidole huku kigari kikitembea. Ukikaza kupita hapo, kigari kitakuwa kizito, nawe utakuwa unavuta kwa mishtuko. Kuvuta kwa mishtuko ndiko kunakoyapa meno nafasi ya kupanda.

Meza na ukingo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na sioni aibu kumshikilia mwanafunzi hapa nusu siku. Meza lazima iwe sambamba na njia ya mkono, si na sakafu. Toa bledi. Igeuze mota ili ekseli, yaani mhimili unaoshika bledi, itazame chini. Kabla ya kuweka mbao za meza, shusha mkono mpaka ncha ya ekseli iwe karibu kugusa vyuma vinavyoshikilia meza. Chukua kipande cha karatasi, kiweke kati ya ncha na chuma, ukivute. Kinapaswa kukwaruza kidogo bila kukwama wala kuchanika. Sasa zungusha mkono kushoto na kulia, sogeza kigari mbele na nyuma, na kila mahali jaribu karatasi hiyohiyo. Inapopita bila kusikika, inua chuma. Inapokwama, kishushe. Ukimaliza, karatasi ikwaruze vilevile kila pembe.

Ndipo ufunge mbao za meza, na juu yake upigilie kipande cha plaiwudi cha milimita 6 ambacho utakitupa kikichoka. Bledi inapaswa kuingia ndani ya plaiwudi hiyo kama milimita 2, si zaidi. Misumari ya kuishikilia iweke pembeni kabisa, mbali na njia yoyote ya bledi. Ukingo uwe ubao mgumu ulionyooka kweli. Ukishakatwakatwa mpaka umekuwa mapengo, badilisha, kwa sababu pengo ndilo linalomeza vipande vidogo.

Bledi

Bledi ya msumeno wa meza usiilete hapa. Hiyo ina meno yaliyoinama mbele sana, nyuzi 15 au 20, kwa sababu kule mbao ndiyo inayosukumwa. Meno ya namna hiyo kwenye radiali yanauma na kukimbia. Tafuta bledi ambayo meno yake yako kati ya nyuzi 5 chini ya sifuri na nyuzi 5 juu yake. Ukinunua kitu kimoja tu kipya kwa mashine kuukuu, kiwe hicho.

Nati ya ekseli kwenye misumeno mingi ya aina hii inafungwa kinyume na ulivyozoea. Usibahatishe kwa kulazimisha: nati hufunguka ikizungushwa upande uleule ambao bledi inazunguka. Futa unga wa mbao kwenye sahani za kubana bledi, maana hata chembe moja huifanya bledi iyumbe. Mshale wa mzunguko kwenye bledi ufanane na wa kwenye kinga.

Kunyoosha

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inasimama juu ya iliyotangulia. Kwanza mkono dhidi ya ukingo. Laza skwea kubwa mezani, upande mmoja uguse ukingo. Tia chaki jino moja linaloelekea upande wa skwea, uligeuze lifike chini, ulisogeze mpaka liiguse skwea, kisha vuta kigari taratibu. Sikiliza. Jino linapaswa kutoa mkwaruzo mmoja mwepesi usiokatika kutoka nyuma hadi mbele. Sauti ikififia, mkono umepinda upande mmoja. Ikizidi na skwea ikasukumwa, umepinda upande wa pili. Pili, bledi isimame wima juu ya meza: weka skwea ndogo kwenye bamba la bledi katikati ya meno, isiegemee jino, maana meno yamejitokeza nje.

Tatu, jambo ambalo wengi hulisahau: bledi yenyewe iwe sambamba na njia yake. Katisha ubao mpana, tazama sehemu iliyokatwa. Ukiona mikwaruzo ya upinde, meno ya nyuma ya bledi yanakwangua yanapopita. Mbao itachanika, tena bledi itabanwa ndani ya mkato. Legeza boliti za kishikio cha mota, sogeza kiasi cha unywele, kata tena.

Kukata

Miwani na vizibo vya masikio uvae, glavu uvue, na mikono mirefu ya shati ikunje. Simama kando ya mstari wa bledi. Mkono mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye mbao, angalau sentimita 20 kutoka kwenye mkato. Nimechora mstari mwekundu mezani kila upande, na hakuna kidole kinachouvuka mota ikiwa inazunguka. Usipishanishe mikono kamwe. Kama kipande ni kifupi kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa nje ya mstari, kibane kwa klampu.

Pale bledi itakapopita, mbao iguse meza na ukingo pia. Iliyopinda igeuze mpaka iguse hapo. Washa, subiri mwendo ukamilike, kisha vuta ukiwa umekaza kiwiko na bega. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba mkono wako ni breki: unauruhusu msumeno uje, hauuvuti. Mbao nene ikate kwa awamu mbili, ukishusha bledi nusu kwanza. Bledi ikikwama, zima kwanza. Kuivuta kwa nguvu ni hatari. Ukimaliza, rudisha kigari nyuma ya ukingo, zima, ngoja bledi isimame kabisa, ndipo uokote mbao. Kipande kilichokatwa kiwe huru. Kizuizi cha kupimia urefu weka upande mmoja tu.

Kupasua

Mashine hii inaweza kupasua mbao kwa urefu, mota ikigeuzwa nyuzi 90. Mimi sipasui nayo. Kama huna msumeno wa meza na lazima upasue, basi shusha pua ya kinga karibu kugusa mbao, weka vidole vya kuzuia mbao kurudi pamoja na bamba la kutenganisha mkato nyuma ya bledi, na tumia kijiti cha kusukumia. Mbao iingie ikikutana na meno yanayoijia. Ukiiingizia upande wa vile vidole, bledi itaidaka na kuirusha, na mikono yako itaifuata. Andika kwa rangi nyekundu kwenye kinga upande huo: USIINGIZIE HAPA.

Kila jioni futa reli za mkono kwa kitambaa kikavu. Usizipake mafuta, kwa sababu yanashika unga na kutengeneza vibonge ambavyo kigari kinaruka juu yake. Ukihisi kigari kinagoma mahali pamoja kila unapovuta, chomoa plagi, tazama reli hapohapo, safisha, na usikate kipande kingine mpaka kiteleze sawasawa.