Kilwa ziko tatu: namna ya kuingia magofuni bila kuhangaika

Kila Idi na kila likizo ya shule, simu yangu haitulii. "Kaka, tumeshafika Kilwa, geti la magofu liko wapi?" Namuuliza anaona nini mbele yake. Akinitajia majumba ya zamani yaliyobomoka na watu wanaanika dagaa, najua tayari: ameshuka Kilwa Kivinje, si Kilwa yenye magofu anayoyatafuta.

Magofu ya Kilwa Kisiwani hayana geti. Mlango wake ni karatasi, na karatasi hiyo haitolewi kisiwani. Wanaofika wakidhani watakata tiketi palepale, kama uwanja wa mpira, ndio wanaorudishwa. Mimi huwapanga wageni wangu hivi.

Hatua ya 1: Shuka Kilwa unayoitaka

Kuna Kivinje, kuna Masoko, kuna Kisiwani. Magofu yako Kisiwani, na boti ya kuvukia unaipandia Masoko. Ukitokea Mtwara au Lindi mjini, panda basi la Dar na umwambie konda akushushe Nangurukuru, kwenye njia panda. Hapo chukua gari la Masoko. Usikubali ukiitiwa "Kilwa, Kilwa" tu. Taja Masoko kwa jina. Kivinje nako kuna mambo yake, majengo ya Wajerumani na habari za Majimaji, ila ipe siku yake.

Hatua ya 2: Ofisi kwanza, boti baadaye

Magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Beba kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni wa nje. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo weka salio kwenye simu mapema. Walimu, nawaomba sana: njooni na barua ya shule na orodha ya majina iliyokwisha kuandikwa. Niliwahi kukaa barazani saa nzima na darasa zima la wanafunzi huku mwalimu wao akihesabu vichwa upya, na maji yanapwa.

Hatua ya 3: Uliza maji kabla ya kuuliza nauli

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2 tu, unaliona Gereza, ile ngome ya kale ya kisiwani, ukiwa bado nchi kavu. Lakini siku za bamvua maji yakitoka yanatoka kwelikweli, na chombo hakifiki ufukweni. Mwaka wangu wa kwanza nilimbishia nahodha mmoja mtu mzima. Akanijibu taratibu, "Sawa mwanangu, twende, lakini viatu utavishika mkononi." Tulishuka kwenye tope, mimi na mama mmoja aliyevaa gauni la harusi ya jana yake. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni "Shikamoo mzee, maji yanajaa saa ngapi?" Bei tunaizungumza baadaye.

Asubuhi ndiyo nzuri. Msimu wa kusi, bahari ya mchana inachafuka na wasiozoea wanatapika.

Hatua ya 4: Usianze pale wanapoanza wote

Boti nyingi zinashusha watu upande wa Gereza, ngome ambayo Wareno waliweka mkono wao mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye. Jina lisikutishe, utatoka. Siku yenye makundi, wote wanajazana hapo na kwenye Msikiti Mkuu, wanapigana picha chini ya kuba zilezile.

Mimi nageuza. Nawapeleka kwanza Husuni Kubwa, upande wa mashariki, wakati wengine bado wanahesabiana ufukweni. Maji yakiwa yamepwa tunapita pwani. Yakiwa yamejaa tunafuata njia ya ndani, ndefu kidogo lakini ina vivuli. Hili ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Vyumba vyake vinapita 100, na lina birika la pembe nane ambalo watoto hawaamini kuwa lilikuwa la kuogea. Kaeni hapo bila haraka. Mkirudi Msikiti Mkuu, kundi la kwanza litakuwa limeshaelekea kwenye madafu.

Vigae vya Kichina, vipande vya vyombo vya kale, mtavikanyaga njiani. Viacheni vilivyo.

Hatua ya 5: Ukipotea, tafuta mihrabu

Kisiwani pana vijia vingi na migomba, na kuta zinafanana. Kutoka kwetu Makka iko kaskazini, kwa hiyo mihrabu ya kila msikiti wa kale hapa, ule uwazi wa ukutani anaposimama imamu, inaelekea kaskazini. Na Masoko pia iko kaskazini. Simama ndani, uielekee mihrabu, kisha toka na ushike upande huohuo. Utakutana na bahari, na Gereza utaliona. Kwenye eneo la msikiti wenyewe vaa nguo za heshima. Hiki ni kijiji, watu wanaishi humu, wanakuona.

Kabla ya kumwacha nahodha, patana naye saa ya kurudi na chukua namba yake. Nusu ya nauli mpe mkirudi.